Usiache pengo: mwongozo kwa anayeishi na ugonjwa wa kudumu Busia na Tororo

Mtu anayehudhuria kliniki ya presha, kisukari au VVU kila baada ya miezi mitatu huonana na mhudumu wa afya mara nne kwa mwaka. Siku nyingine zote, zaidi ya 360, ni yeye na watu wa nyumbani kwake wanaoamua kama dawa itamezwa, maji yatatibiwa na chandarua kitashushwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya siku hizo. Unakuhusu ukiwa Malaba, Amagoro, Nambale au Port Victoria upande wa Kenya, na unakuhusu ukiwa Masafu, Lumino, Nagongera au Mulanda upande wa Uganda. Hoja yangu ni moja: katika ugonjwa usiopona, kinachomwangusha mgonjwa mara nyingi ni pengo, yaani siku au wiki ambazo tiba ilikatika. Kujitunza ni kujua mapengo yako hutokea wapi, kisha kuyaziba kabla hayajatokea.

Ushahidi wa hoja hii ulipatikana hapa hapa mpakani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla dawa za ARV hazijafika vijijini, watu wenye VVU katika wilaya za Tororo na Busia za Uganda walipewa dawa ya kinga ya Septrin ya kumeza kila siku, nao wakafuatiliwa nyumbani kwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: vifo vilipungua kwa asilimia 46, malaria kwa asilimia 72, na kuhara kwa asilimia 35. Familia zilizopewa dawa ya klorini na chombo salama cha kuhifadhia maji ya kunywa ziliona kuhara kwa wenye VVU kukipungua kwa robo. ARV zilipofika, shirika la wenye VVU la TASO na washirika wake walizipeleka hadi majumbani Tororo kwa pikipiki, na kila mgonjwa alichagua mtu wake wa karibu wa kumsaidia kukumbuka dawa. Ripoti ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba Septrin, ARV na chandarua kwa pamoja vilipunguza malaria kwa asilimia 95. Ile ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba baada ya miezi michache ya mwanzo ya tiba, vifo vilikuwa vimeshuka kwa kiasi kama hicho vikilinganishwa na wakati ambapo hakukuwa na tiba yoyote. Kidonge, maji, chandarua na mtu wa kukukumbusha ni vitu vya kawaida kabisa. Nguvu yake ilitokana na kufanywa kila siku bila kukatika.

Msomaji makini atasema kwamba ule ulikuwa mradi wenye fedha za wafadhili, pikipiki na wafanyakazi, na mkulima wa Budalang'i au mchuuzi wa Malaba hana hayo. Pingamizi hili lina uzito, lakini kuna jibu lake. Kuanzia mwaka 2005, TASO Jinja walilinganisha wagonjwa waliopelekewa dawa nyumbani na wale waliokuja kuzichukua kliniki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalifanikiwa karibu sawa katika kuvidhibiti virusi. Maana yake ni kwamba pikipiki ilikuwa njia ya kufikisha dawa, nayo yaweza kubadilishwa kwa njia nyingine, ilimradi dawa ifike, imezwe kila siku, na mgonjwa asiachwe peke yake. Hayo mawili ya mwisho yanaweza kupangwa hata katika nyumba isiyo na mfadhili.

Anza na pengo dogo kuliko yote, la kusahau. Usitegemee kumbukumbu, kwa maana kumbukumbu huchoka siku za mavuno, msiba au soko. Funga dawa kwenye jambo ambalo hulikosi kamwe, kama kupiga mswaki au taarifa ya habari ya saa tatu usiku, na uweke kengele ya simu kama kinga ya pili. Weka alama kwenye kalenda kila unapomeza, ili siku ya kliniki uzungumze kwa kumbukumbu iliyoandikwa. Chagua msaidizi wa dawa kama walivyofanya wagonjwa wa Tororo: mke au mume, mtoto mkubwa, shemeji, jirani unayemwamini. Mweleze wazi kazi yake: kukuuliza kila siku, kujua dawa ziko wapi, kujua tarehe yako ya kliniki, na kukupeleka hospitali ukizidiwa. Ukisahau dozi, kwa dawa nyingi inatosha kumeza mara unapokumbuka. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, endelea na ratiba yako bila kumeza mbili kwa pamoja. Anayetumia insulini aulize mapema namna ya kufanya, kwa sababu kanuni yake ni tofauti.

Pengo la pili ni la kujisikia mzima, nalo huangusha wengi zaidi. Presha haiumi. Sukari iliyopanda kiasi yaweza kukaa miezi bila dalili. VVU vilivyodhibitiwa havimzuii mtu kulima wala kubeba mizigo. Ndipo mtu hujiuliza kwa nini aendelee kumeza sumu na hali amepona. Ukweli ni kwamba ule uzima unaousikia ni kazi ya dawa. Ukiacha dawa ya presha, shinikizo hurudi kimyakimya, na dalili ya kwanza yaweza kuwa kiharusi. Ukiacha ARV, virusi huzaliana tena na vingine hujifunza kuishinda dawa. Ukiacha ghafla dawa ya kifafa, degedege laweza kuja mfululizo na kuua. Kwa hiyo usipime maendeleo yako kwa unavyojisikia. Pima kwa namba. Ijue presha yako, ambayo kwa watu wengi inatakiwa kuwa chini ya 140 kwa 90; ijue sukari yako; ujue kipimo chako cha mwisho cha wingi wa virusi. Mwenye VVU ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo, naye anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Upande wa Kenya, wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa Septemba 2023 walipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, kwa hiyo muulize wa kijiji chenu kabla ya kulipa nauli ya kwenda mjini.

Hapa ndipo yanapoingia maombi na mitishamba, na sitaki kuyapita kwa dharau. Imani humpa mgonjwa nguvu ya kuamka na kuendelea, na kanisa au msikiti ni mahali ambapo wengi hupata msaada wa kweli. Lakini mtu akikuambia kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani, anakufungulia pengo ambalo hatakuwepo kuliziba. Omba, na umeze dawa. Ukiambiwa umeponywa, rudi kliniki upimwe ukiwa bado unatumia dawa, na uamuzi wowote wa kupunguza au kuacha ufanywe huko. Kuhusu mitishamba, mweleze mhudumu wako bila kuficha unachokunywa, kwa sababu baadhi yake hugongana na dawa za hospitali au kuchosha ini na figo. Ukiona hasira kwa mhudumu mmoja, mtafute mwingine, lakini usifiche.

Jambo linalozidi kuwa muhimu ni magonjwa mawili kukutana katika mwili mmoja. Waliookolewa na ARV miaka ile sasa wanazeeka, na wengi wana presha au kisukari pia. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha ARV kinachotumiwa na wengi katika nchi zote mbili, hupandisha kiwango cha metformini mwilini, kwa hiyo daktari wa kisukari lazima ajue unaitumia. Dawa ya kifafa ya karbamazepini na dawa ya kifua kikuu ya rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, na daktari ndiye wa kurekebisha dozi. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini huizuia isifyonzwe vizuri, ndiyo maana dolutegraviri inatakiwa kumezwa angalau saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kila duka la dawa kwa maumivu ya mgongo na magoti, hupandisha presha na kuumiza figo zikitumiwa mara kwa mara. Kinga ya haya yote ni karatasi moja. Andika majina ya dawa zako zote na nguvu yake kwa miligramu, na uionyeshe kila unakopokea dawa, hata duka la dawa la kijijini.

Nyumbani kwenyewe anza na maji na mbu. Tororo iliwahi kuhesabiwa miongoni mwa sehemu zenye malaria kali kuliko zote duniani: utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mtu hapo angeumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Kupuliza dawa ya mbu majumbani kulipunguza mzigo huo baadaye, lakini mwenye VVU, mjamzito na mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell) hawana nafasi ya kubahatisha. Lala ndani ya chandarua kila usiku, na wapulizaji wakija, uwaruhusu waingie hata chumba cha kulala. Maji ya kisima au chemchemi yatibu kwa klorini au yachemshe, kisha uyahifadhi katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, ili mkono na kikombe visiingie. Kwa mtoto wa selimundu ongeza mambo matatu: anywe maji mara kwa mara, asipigwe na baridi au mvua, na asikose dawa za kinga alizoandikiwa. Uliza pia kuhusu dawa ya haidroksiyurea. Majaribio yaliyohusisha watoto wa Mbale, jirani na Tororo, na wa Kilifi, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba ilipunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo.

Chakula cha huku kinamfaa mgonjwa kuliko wengi wanavyodhani, na hakuna haja ya kutafuta vyakula ghali vya dukani. Kunde, mrenda, sagaa, maharagwe, karanga, omena ambayo ng'ambo huitwa mukene: hivyo vyatosha kumjenga mtu. Mwenye kisukari aelewe kwamba ugali wa wimbi, mtama au muhogo nao ni wanga. Kinachohesabika ni ukubwa wa tonge, kwa hiyo ajaze nusu ya sahani kwa mboga kwanza. Soda na chai yenye sukari nyingi ndizo za kuondoa mapema. Mwenye presha apunguze chumvi hadi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kutoka vyakula vyote, na akumbuke kwamba magadi yanayolainisha mboga yamo katika hesabu hiyo. Pombe, iwe ya chupa au ajono ya chungu cha pamoja, hufungua pengo kwa njia mbili: hupandisha presha na kuvuruga sukari, na humfanya mtu apitiwe na saa ya dawa. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, avae viatu hata shambani, na kidonda chochote akipeleke kliniki siku hiyo hiyo. Asiye na friji asiache insulini: utafiti uliotumia hali ya joto ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Chungu chenye maji, kilichowekwa kivulini, chaweza kuiweka ndani ya kiwango hicho, mradi chupa ya dawa isilowe wala kupigwa na jua.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kimerahisisha kuvuka, na maelfu huishi upande mmoja na kutafuta riziki upande wa pili. Wengine huvuka kwa ajili ya dawa, ama kwa sababu ya bei, ama ili wasionekane na wanaowajua. Siwalaumu. Lakini kumbuka Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya korona huku malori ya mizigo yakiendelea kupita. Kwa aliyekuwa na kliniki moja tu, nayo ng'ambo, lile lilikuwa pengo lisilo na mlango, na njia za panya zina hatari zake. Kwa hiyo fanya hivi. Chagua kituo kimoja kiwe makao ya faili lako, na kama utahama, omba barua ya uhamisho. Kujiandikisha kimyakimya pande mbili huharibu kumbukumbu za tiba yako. Piga picha kadi yako na matokeo ya vipimo, uyahifadhi kwenye simu. Kabla ya safari ya lori, ya uvuvi au ya biashara, omba dawa za kutosha hadi siku ya kurudi na wiki mbili za akiba. Ukikwama, nenda kituo cha serikali kilicho karibu, iwe Kocholia, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, Masafu au Hospitali Kuu ya Tororo, ukiwa na kopo la dawa yako mkononi. Soma jina la dawa yenyewe na miligramu, maana jina la kampuni na rangi ya kidonge hubadilika ukivuka. Usinunue dawa ya kudumu kwa mchuuzi wa sokoni au kwenye basi. Nunua kwenye duka lililosajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi husika.

Pengo la fedha ndilo gumu kuliko yote, na ushauri wa kujitunza unaolinyamazia haufai. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, lakini rafu zikiwa tupu mgonjwa hutumwa kununua. Kenya ilibadilisha bima ya afya ya NHIF kuwa SHA Oktoba 2024. Jisajili hata kama bado huna uwezo wa kulipa mchango, kwa sababu usajili ndio unaokufungulia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Omba kupewa dawa za miezi mitatu au sita ukiwa imara, upunguze nauli. Jiungeni pia, kwa sababu kundi hufanya ambayo mtu mmoja hawezi: watu sita wa kijiji kimoja wanaweza kupeana zamu ya kuchukua dawa za wote, utaratibu unaokubaliwa kwa wenye VVU walio imara katika nchi zote mbili. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH ulijaribu kuunganisha kliniki za kikundi na vikundi vya kuweka na kukopa kwa wenye presha na kisukari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yaliashiria kwamba presha ilishuka zaidi kwa waliopata vyote viwili kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Kama mna chama, tengeni fungu la dawa na nauli lisiloguswa kwa ajili ya jambo lingine.

Aibu nayo ni pengo. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada, wizara ya afya ya Uganda iliagiza kliniki za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, na wengi waliogopa kuonekana foleni moja na majirani. Hofu hiyo ni ya haki, na una haki ya kudai faragha katika chumba cha ushauri na mahali pa kuchukulia dawa. Hata hivyo, foleni ya pamoja inaficha pia: hakuna anayejua kama umekuja kwa presha, malaria au VVU. TASO ilianzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiwa na virusi, wakati ambapo hapakuwa na dawa yoyote ya kutegemea. Walikutana, wakasemezana, wakasaidiana, na kile kikundi kidogo ndicho kilichofika hadi Tororo. Ukijikuta hulali, hutamani chakula, au unaona maisha hayana maana, huo ni ugonjwa unaotibika. Mwambie msaidizi wako na mhudumu wako siku hiyo hiyo.

Kuna watakaosema kwamba kumfundisha mgonjwa kujitunza ni kuipa serikali mwanya wa kukwepa wajibu. Nakubaliana nao nusu. Hakuna nidhamu ya mgonjwa itakayoziba rafu tupu, na dawa ikikosekana, kundi lenu liandike tarehe na jina la dawa, likaulize kamati ya kituo, diwani wa Uganda au mwakilishi wadi wa Kenya. Lakini mwenye kalenda iliyojazwa na namba zake mkononi ndiye anayeweza kudai kwa ushahidi, na ndiye atakayebaki hai kudai tena mwaka ujao.

Zipo dalili zisizongoja tarehe ya kliniki: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa, degedege, kutapika kusikokoma, homa kwa mtoto wa selimundu. Kwa haya nenda hospitali mara moja, usiku au mchana. Kwa mengine yote, keti leo jioni na msaidizi wako, hesabuni dawa zilizobaki, andikeni tarehe ya kliniki ijayo, na muulizane ni wapi mwezi uliopita tiba ilikatika. Hapo ndipo pa kuanzia.